Upinde Mwepesi, Mshale Mzito

Jumamosi, 3 Mei

Kigumba kingine leo, ncha nyingine ya mshale ya kunoa. Bado. Nimevuta rababendi juu ya mdomo wa kikombe, nikasukuma ncha taratibu. Rababendi ikanesa, ikateleza pembeni, ndipo ikakatika. Inatakiwa ikatike papo hapo ikiguswa. Kinachoteleza kwenye mpira kitateleza kwenye mshipa wa damu. Rudi kwenye jiwe. Anza upya.

Meza ya jikoni imejaa unga wa chuma. Vidole vinanuka mafuta. Sijala tangu asubuhi na wala sioni njaa.

Zamani nilikuwa navuta upinde wa mvuto wa ratili hamsini na tano bila kufikiri. Kisha ngazi za flati, maji ya mvua, bega la kulia. Upasuaji. Daktari amesema arobaini, isizidi. Basi ni arobaini. Upinde wa mbao, hauna magurudumu ya kusaidia kuvuta wala darubini. Mkono na jicho tu. Wanaume wa kilabu cha upinde wanautazama kama kitu cha kuchezea watoto.

Wautazame. Mkataba wangu kwenye maabara ya meno unaisha mwisho wa Juni na narudi Nairobi. Kwetu Kenya uwindaji ni marufuku tangu kabla sijazaliwa. Miaka yote hii Durban nimepiga shabaha za sponji nikisema mwaka ujao, mwaka ujao. Hakuna mwaka ujao. Nataka swala mmoja, kwa upinde huu, kwa mshale mmoja, na asiteseke.

Nimeiandika. Sasa siwezi kujifanya sikuitaka.

Jumapili, 4 Mei

Faustin alikuja baada ya ibada. Fundi wa makochi, Mkongo wa Bukavu, anaishi Albert Park na karakana yake iko Isipingo. Tulijuana uwanjani: tulikuwa watu wawili pekee tunaolaani kwa Kiswahili tukikosa shabaha. Yeye upinde wake ni wa magurudumu, una nguvu karibu mara mbili ya wangu.

Amekuja na pakiti ya vigumba vipya. Vinang'aa kama vito. Vinaruka vikiwa vimejifumba, vikigonga mwili mabawa yake ya makali yanafunguka.

"Bon, dada, hii ndiyo iko ya kisasa," akasema. "Ndani inafunguka kama mwamvuli. Swala anaanguka palepale."

Vilinivutia, nakubali. Nilikishika kimoja na moyo ukaruka. Lakini kufunguka kunataka nguvu. Nguvu hiyo inatoka wapi? Kwenye mshale wenyewe. Upinde wake una nguvu ya kugawa. Wangu hauna. Kila kidogo kinachotumika kufungua bawa ni kidogo kinachopungua kwenye kuingia. Mimi nataka kigumba chembamba, kirefu, cha makali mawili tu, na mshale mzito nyuma yake. Mzito hauendi kasi, lakini ukishagusa hausimami ovyo.

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Ananiita mtu wa makumbusho. Nikamwambia tutajaribu vyote kwenye nyama ya kweli, tuone.

Akasema sharp, yaani sawa, akaondoka anacheka.

Jumatano, 7 Mei

Nimempigia Ma Ntuli. Ana shamba la wanyama huko kaskazini, karibu na Mkuze, na kila mwanzo wa kipindi cha ukame hupunguza swala kabla majani hayajaisha. Aliuliza upinde wangu ni wa nguvu gani. Nikamwambia ukweli.

Hapana. Msimu uliopita mgeni mwenye upinde mkubwa kuliko huo alimjeruhi dume, wakamtafuta siku nzima, wakamkuta amekwisha liwa nusu. Hataki tena kuona kitu kama hicho kwenye ardhi ya baba yake. Alisema kwa upole kabisa. Hapana ya upole inauma zaidi.

Eish. Nimelala chali sakafuni na viatu miguuni.

Ijumaa, 9 Mei

Amepiga mwenyewe! Nilikuwa na meno ya bandia ya mzee mmoja mkononi, nta bado ya moto, simu ikalia. Amefikiri. Anauliza kama kweli nilimwambia ratili arobaini bila kuongeza. Nikasema ndiyo. Akasema watu wote humwongezea.

Nije mwisho wa mwezi. Kwanza nitapiga shabaha mbele yake. Akiona haifai, ninakunywa chai na kurudi Durban. Akikubali, ni dume mmoja, kwa umbali usiozidi urefu wa basi, na mshale mmoja. Nikijeruhi, sitapiga mwingine. Nitamfuata huyo huyo mpaka apatikane, hata likizo yangu yote iishie porini.

Nimekubali kabla hajamaliza sentensi. Nimerudi kwenye meza na meno ya mzee wa watu yamepinda. Nikayeyusha, nikaanza tena, nikiimba.

Jumamosi, 10 Mei

Siku ya mbavu.

Nilinunua upande mzima wa mbuzi Isipingo, bucha la nyuma ya stendi ya taxi, ngozi ikiwa bado juu. Muuzaji aliuliza ni wa harusi? Nikasema ni wa kupiga mishale. Akaacha kuuliza.

Karakana ya Faustin ina sponji za kila aina. Tukaning'iniza mbavu kwenye ndoano, nyuma tukapanga sponji za makochi. Milango imefungwa, hakuna mtu mwingine ndani. Umbali ule ule wa Ma Ntuli. Upinde wangu, kwa vigumba vyote. Faustin akasimama nyuma yangu na kalamu ya kuwekea alama sikioni, anajiona mkemia.

Cha kufunguka: kilipiga ubavu, bawa moja likafunguka, jingine halikufunguka, mshale ukageuka na kuning'inia kwenye ngozi kama nguo kwenye kamba.

Cha makali matatu: kiliingia. Kikakwama kwenye mfupa. Mapafu yangeguswa, labda. Labda sitaki.

Cha makali mawili kwenye mrija mwepesi wa kaboni, yaani mti wa mshale: kiliingia vizuri, hakikutoka upande wa pili.

Kisha kile kile cha makali mawili kwenye mrija mzito, ule niliojaza shaba mbele. Nilivuta, nikaachia. Hata sikuusikia ukigonga. Mbavu zilitikisika kidogo tu. Faustin akazunguka nyuma, akainama. Mshale ulikuwa umekata ubavu, umepita, umezama kwenye sponji mpaka manyoyani.

"Dada," akasema, "ile upinde ya mtoto... iko na meno."

Nikapiga kelele. Nikaruka. Nikajigonga bega kwenye fremu ya kochi na hata sikusikia maumivu.

Mkewe, Mama Grâce, alipofika na kukuta nyama ya mbuzi ina matundu alitufokea kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili ili nami nielewe. Kisha akaipika na pilipili nyingi na tukala yote. Mshindi tayari namjua. Nimelewa furaha bila kunywa.

Jumatano, 14 Mei

Furaha imekwisha. Nimepeleka mishale mizito uwanjani na inaruka kama samaki aliyetupwa nchi kavu. Mkia unapiga huku na huku. Yote inakwenda kulia.

Nimekasirika. Karakanani sikuona kwa sababu ya ukaribu na msisimko. Mshale unaoruka umekaa upande unagonga kwa ubavu wake, na hapo makali hayana maana yoyote, hata yawe ya wembe.

Mzee mmoja wa kilabu akaniambia, na huruma imemjaa, kwamba labda shabaha za sponji zinanitosha. Nikamshukuru. Nikaenda kukaa ndani ya gari.

Alhamisi, 15 Mei

Nimewaza mchana kutwa kazini. Ile shaba ya mbele ndiyo tatizo. Uzito mbele unaufanya mrija upinde kupita kiasi ukisukumwa na kamba. Mrija umekuwa laini mno kwa mzigo wake. Kupunguza uzito sitaki, ndio uliopita kwenye mfupa. Basi mrija uwe mgumu zaidi. Na mrija ukikatwa ukawa mfupi, unakuwa mgumu.

Rahisi. Isipokuwa nikikata nimekata. Hakuna kurudisha. Na duka halina mirija mingine ya aina hii mpaka Julai. Julai nitakuwa Nairobi.

Jumapili, 18 Mei

Nimekata!

Uwanja ulikuwa mtupu, ukungu wa asubuhi bado. Nilibandua manyoya kwenye mshale mmoja. Mshale usio na manyoya hauna wa kuusahihisha, unaonyesha kosa lake wazi. Faustin alileta msumeno wake mdogo wa kukatia mirija. Piga: kulia sana. Kata upana wa kucha. Piga: kulia. Kata tena. Piga: kulia kidogo. Faustin akasema tuache hapo. Nikasema kidogo tena. Nikakata, na nikazidisha. Mshale ukaenda kushoto. Umekufa huo.

Lakini sasa najua mpaka uko wapi. Mshale wa pili niliukata kwa kuogopa, kidogo kidogo, kama ninavyochonga jino ili liingie kwenye fizi ya mtu. Nikaweka kwenye kamba. Nikavuta. Nikaachia.

Ulikwenda kama umefungwa kwenye uzi. Katikati. Bila manyoya! Nikapiga tena nikidhani ni bahati. Katikati. Faustin akavua kofia na kuitupa juu, ikanasa kwenye mti wa jirani wa uwanja na bado iko huko.

Iliyobaki nimeikata yote kwa urefu huo. Mishale ya kutosha. Mizito, iliyonyooka, yangu.

Alhamisi, 22 Mei

Bega. Limeamka vibaya. Nimepiga mishale mingi mno wiki hii, pumbavu mimi. Sikuweza kuinua kikombe kwa mkono wa kulia. Barafu. Mazoezi yale ya kamba ya mpira mlangoni. Sigusi upinde mpaka Jumatatu.

Naogopa. Sijamwambia Faustin.

Jumamosi, 24 Mei

Afadhali. Mkono unapanda mpaka juu, unalalamika lakini unapanda.

Kwa kuwa siruhusiwi kuvuta, nimenoa. Kwanza tupa, kisha jiwe, kisha lile jiwe laini, kisha kipande cha ngozi alichonipa Faustin nimekipaka dawa ya kung'arishia meno ya bandia. Hiyo dawa ni siri yangu. Chuma kinakuwa kioo. Rababendi: kugusa tu, tap, imekwisha. Nyingine, tap. Nimemaliza pakiti nzima ya rababendi nikicheka peke yangu jikoni.

Kisha nikajaribu kwenye mkono. Nywele zikaondoka bila kuvuta. Sasa nina mkono wa kushoto wenye upara. Nitavaa mikono mirefu kazini, wasije wakadhani naugua.

Jumatano, 28 Mei

Mishale michache tu, polepole. Bega limekubali. Yote mahali pake. Nimemwambia Faustin kuhusu bega na akasema, "Kama inauma kule, unaniambia. Tunarudi. Hakuna haya." Nilimpenda sana kwa hilo, sikumwambia.

Nimepanga begi mara mbili. Siwezi kukaa kitako.

Ijumaa, 30 Mei

Tuko Mkuze! Tulitoka Durban kukiwa bado na baridi, Faustin akipiga honi kwenye kila robot, taa za barabarani, kama bwana harusi. Miwa, miwa, miwa, kisha vichaka vya miiba na vumbi.

Ma Ntuli ni mwembamba, ana sweta la mwanaume na sauti inayosikika bila kuinuliwa. Chai kwanza. Kisha akabeba sahani ya karatasi, akaipigilia mwenyewe kwenye mfuko wa mchanga, akarudi nyuma akasimama na mikono kifuani. Wafanyakazi wake wawili wakaacha kufunga uzio wakaja kuangalia.

Mikono ilikuwa ya barafu. Mshale wa kwanza ulishika ukingo wa sahani. Nikasikia mtu akiguna. Wa pili ndani. Wa tatu umegusana na wa pili. Ma Ntuli akaenda, akachomoa mmoja, akaupima uzito wake kiganjani, akaelekeza kidole kwenye makali.

"Usiguse," nikasema.

Amekwisha gusa. Tone la damu. Akalinyonya, akanitazama.

"Kesho alfajiri," akasema.

Jumamosi, 31 Mei

Hapana. Bado. Nikiwa mtulivu nitaeleza.

Kibanda cha matawi karibu na maji. Faustin nyuma yangu, bila upinde wake, amekuja kunisindikiza. Ni majira ya kupandana, madume yanakoroma vichakani utadhani mtu anakata mbao. Sikujua mnyama mzuri vile anaweza kutoa sauti mbaya vile. Jua lilipokuwa limepanda wakaja. Majike kwanza. Kisha dume, pembe zimepinda kama zimechorwa. Karibu! Karibu kuliko sahani ya jana. Moyo ulipiga mpaka nikaogopa atausikia.

Lakini alikunywa akinitazama. Kifua kwangu moja kwa moja.

"Piga," Faustin akanong'ona. "Dada, piga!"

Mbele ni mfupa mnene, na njia ya kupita ni nyembamba kama mlango wa kabati. Upinde wa Faustin ungethubutu. Wangu hapana. Nilisubiri ageuke. Akageuka, na jike likasimama mbele yake. Kisha wakaondoka wote.

Faustin hakunisemesha mpaka chakula. Aliposema, alisema, "Ilikuwa iko pale. Pale!" Na mimi nikamjibu vibaya.

Jioni Ma Ntuli akaniuliza kwa nini sikupiga, maana mfanyakazi wake aliona yote kutoka mlimani. Nikamwambia alikuwa amenielekea kifua. Aliniongezea nyama kwenye sahani.

Kesho adhuhuri tunaondoka.

Jumapili, 1 Juni

Nimempata.

Naandika kabla sijasahau lolote.

Upepo uligeuka, kibanda hakikufaa kitu. Tukakaa chini nyuma ya kichuguu, upande wa pili wa maji, magoti kwenye vumbi. Faustin alikuwa amenishika bega asubuhi, lile zima, akasema samahani ya jana. Nami nikasema samahani. Ikaisha.

Tulikaa mpaka miguu ikafa ganzi. Nilikwisha anza kujifariji. Nikajiambia ni safari nzuri hata hivyo. Ndipo wakatoka vichakani upande ambao hatukuutazamia. Dume nyuma, anakoroma, anasukuma majike. Akasimama. Ubavu wote kwangu, kageuka kidogo kwenda mbele, mguu wa mbele umetangulia. Mahali palikuwa wazi kama mlango.

Sikumbuki kuamua. Nakumbuka kamba kwenye pembe ya mdomo. Nakumbuka bega likisema neno na mimi nikilinyamazisha. Nakumbuka unywele mmoja nyuma ya kiwiko chake, na huo ndio nilioutazama.

Sauti ndogo, kama kofi kwenye mto.

Akaruka kidogo, kama ameumwa na nzi. Akageuka kuangalia nini kimemgusa. Akatembea kurudi kati ya majike, akasimama, akainamisha kichwa kama anataka kula. Nikafikiri nimekosa. Nikafikiri nimejeruhi. Kisha miguu ya nyuma ikalegea, akakaa, akalala. Majike yaliendelea kusimama pale pale.

Faustin alikuwa amenifinya mkono kwa kucha zake. Tulisubiri. Kisha akanikumbatia akaninyanyua, mimi na upinde wangu, "Imepita! Dada, imepita yote!" Na kweli mshale ulikuwa umesimama kwenye udongo upande wa pili, mwekundu wote, haujapinda.

Nilipogusa sikio lake lilikuwa la moto na laini sana. Hapo nikasikia uzito. Nilikaa naye kidogo bila kufanya lolote. Sikutaka uzito huo uondoke haraka.

Ma Ntuli alifika na gari. Alipiga magoti, akatafuta tundu la kuingilia, akamgeuza, akatafuta la kutokea. Akapitisha kidole kwenye ubavu uliokatwa safi.

"Hakujua," akasema. Akarudia kwa Kizulu, kwa wafanyakazi wake. Kisha akanipa mkono kwa mikono yake miwili.

Nimechuna mwenyewe. Ngozi nimempa Faustin, anataka kuivisha stuli. Paja moja kwa Ma Ntuli, moja kwa wafanyakazi. Njia nzima kurudi tuliimba, na tulipochoka kuimba tulisimulia upya tangu mwanzo, kila mmoja akimsahihisha mwenzake.

Jumanne, 3 Juni

Mvua nyepesi leo. Nimeomba nusu siku.

Maini tulikula jana kwa Mama Grâce, kwa vitunguu na ugali. Safari hii hakumfokea mtu. Mabega ya swala yako kwenye sufuria sasa hivi, moto mdogo, flati nzima inanukia.

Ma Ntuli ametuma ujumbe. Anasema asubuhi alipita kwenye maji, kundi zima lilikuwa limerudi, wanakunywa mahali pale pale. Dume lingine, dogo, limeanza kukoroma. Alisimamisha gari karibu nao na hawakukimbia.

Nimeusoma, nikaiweka simu juu ya friji, nikaenda kupunguza moto.